Mji wa mabwawa ya samaki, bwawa la watu bado

Na Mwandishi Wetu, Songea

*Songea imezungukwa na mito, mabwawa na vyanzo vya maji, lakini watoto wake hujifunza kuogelea kwa siri. Bwawa la umma lenye paa na kiingilio nafuu lingegharimu nini, na nani angelilipia?*

Muulize mtoto wa Mshangano, kata ya pembezoni mwa Songea, akuoneshe bwawa, atakupeleka kwenye samaki.

Atakupitisha nyuma ya nyumba za matofali ya kuchoma, mkikatiza bustani ya mboga, mpaka kwenye shimo la mstatili lililochimbwa kwa jembe na koleo. Maji yake ni ya kijani, na ukijani huo ni wa makusudi: mfugaji hutia samadi ili mwani uote, na mwani ndio malisho ya perege. Konzi moja ya pumba za mahindi ikitupwa, uso wa maji unachemka kwa midomo.

Upande wa kuingizia maji, kina hakifiki mita moja. Upande wa kutolea, panapowekwa bomba la kukaushia bwawa siku ya kuvua, kinaweza kufika mita moja na nusu. Mtoto wa darasa la pili ana urefu wa kama mita moja na robo. Kingo ni udongo mtupu. Zikilowa zinateleza, na anayezishika ili apande hubaki na vipande mkononi.

Kwa miaka mingi Mkoa wa Ruvuma umetajwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mabwawa ya samaki nchini. Songea ndipo kilipo kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila, kinachozalisha vifaranga kwa ajili ya wafugaji. Kwa hiyo kuchimba bwawa, kulijaza na kulikausha ni ujuzi ambao watu wa hapa wanao. Kinachokosekana ni bwawa la aina nyingine: lenye vigae, paa, mwalimu, na kiingilio ambacho mama muuza mboga anaweza kukimudu kwa watoto wake watatu.

Wapo wanaoliona bwawa la namna hiyo kuwa anasa ya Masaki na Mlimani City, jijini Dar es Salaam. Wapo wanaolihesabu pamoja na chanjo na uzio wa shule. Pande zote mbili zina hoja, na hoja zenyewe zinahesabika kwa lita, kwa uniti za umeme na kwa shilingi.

Maji yapo, mwalimu hayupo

Mto Ruvuma unaanzia katika Milima ya Matogoro, jirani kabisa na mji, kisha unateremka hadi kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mto Luhira ni chanzo cha maji ya mji. Magharibi, ukishaipita Mbinga, unaikuta Mbamba Bay na Ziwa Nyasa. Hata uwanja wa mpira wa Songea unaitwa Majimaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo wapiganaji wake waliamini kuwa maji ya dawa yangewakinga na risasi.

Mahali penye maji namna hii, kuogelea hufundishwa na rika. Wa miaka 12 anamfundisha wa 9, wa 9 anamfundisha wa 7, na mtihani ni kuvuka kwenda ng'ambo. Anachokipata mwanafunzi ni kupiga maji kama mbwa, kichwa juu, miguu ikining'inia, pumzi ikimwishia baada ya mita kumi. Kulala chali na kupumzika juu ya maji, jambo linalomwokoa aliyechoka, hakuna wa kumwonesha.

Wazazi nao wana dawa yao, ambayo ni kukataza. Mtoto akichelewa kurudi, mama anamkwaruza mkono kwa ukucha. Ukitokea mstari mweupe kwenye ngozi iliyokauka, ushahidi umekamilika na fimbo inafuata. Matokeo yake ni kwamba anayekwenda mtoni huenda kwa siri, huvua nguo mahali pasipoonekana, na akizidiwa wanaomwona ni wenzake wa umri ule ule, ambao nao wanaogopa kukimbilia nyumbani kuita watu.

> “Anayekwenda mtoni kwa siri hana mtu mzima wa kumwona akizama.”

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Maji yaliyotulia yenye majani ya kando ni makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa yanayojulikana kwa ugonjwa huo. Kimelea hupenya kwenye ngozi ya aliyeingia majini, hata kama hakunywa tone. Katika bwawa lililotiwa klorini ipasavyo, konokono huyo hana maisha.

Kisha kuna mashimo. Kila mtaa unaojengwa kwa kasi hutanguliwa na watu wa matofali, na pale walipochimba udongo hubaki shimo. Kiangazi ni uwanja wa kuchezea. Masika linajaa, na kwa kuwa maji yake ni ya tope, mtoto hawezi kujua kama yatamfika magotini au yatamfunika utosi.

Kifo kisicho na kelele

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Desemba 2024 kuhusu kuzama majini, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko kanda zote ukilinganisha na idadi ya watu.

Idadi hiyo haihusishi waliokufa katika mafuriko na ajali za vyombo vya majini. Maana yake, misiba ambayo Watanzania wanaikumbuka kwa majina, kama MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, au MV Nyerere iliyopinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 220, ni hesabu ya pembeni. Vifo 300,000 ni vya mmoja mmoja: kisimani, mtoni, shimoni, kwenye ndoo.

Na mara nyingi hutokea kimya. Sinema zimetuzoesha mtu anayepunga mikono na kupiga mayowe, lakini anayezama kweli hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo unaibuka na kuzama, mikono inausukuma uso wa maji kama inayotafuta meza, na kwa mtoto mdogo yote hayo yanaweza kumalizika kabla mtu aliye hatua tano hajageuka.

Katika ripoti hiyo kuna habari njema pia. Kati ya mwaka 2000 na 2021 kiwango cha vifo vya maji duniani kilishuka kwa asilimia 38, na miongoni mwa hatua ambazo WHO inazipendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule misingi ya kuogelea na usalama majini. Inapendekeza pia uzio kwenye maji yaliyo karibu na makazi, na mahali salama pa kuwaacha watoto ambao hawajaanza shule.

Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Majini kwa azimio la Aprili 2021. Kwa Songea, Julai ni mwezi wa baridi na makoti. Jambo hilo lina uzito wake katika mjadala huu, kama itakavyoonekana.

Madumu ya Nungwi, mianzi ya Bangladesh

Walioanza kufundisha kabla ya kuwa na vigae wapo, na wa karibu zaidi wako Unguja.

Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, bahari iko mlangoni na wasichana wengi walikuwa wanakua bila kujua kuogelea. Sababu zilikuwa za heshima na mavazi: hapakuwa na nguo ya kuingilia majini inayomsitiri msichana wa Kiislamu, wala mwalimu ambaye familia ingemkubali. Mradi wa Panje ulitafuta mavazi yanayofunika mwili mzima, ukaandaa walimu kutoka hapo hapo, na badala ya maboya ya dukani ukatumia madumu matupu ya plastiki. Msichana analikumbatia dumu kifuani, analala chali, masikio ndani ya maji, na mwalimu anamwambia atazame mawingu.

Picha za mafunzo hayo, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilishinda tuzo katika shindano la World Press Photo la mwaka 2018. Kwa msomaji wa Songea, dumu lina maana kubwa kuliko tuzo. Dumu lipo katika kila nyumba.

Bangladesh, nchi yenye madimbwi mengi, ilikwenda mbali zaidi. Mpango wa SwimSafe ulitengeneza majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa ya vijijini: sakafu ya mianzi kwenye kina kinachomfika mtoto kifuani, vizuizi pembeni, mwalimu aliyetoka kijijini hapo. Lengo halikuwa medali. Mtoto alihesabiwa kuhitimu akiogelea mita 25 na kuelea kwa sekunde 30, na akijua namna ya kumsaidia mwenzake bila kuruka majini yeye mwenyewe: kumnyooshea fimbo, kumrushia kamba au dumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa hatari ya kufa maji ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto waliopitia mafunzo hayo wakilinganishwa na ambao hawakuyapitia.

> Mita 25 na sekunde 30: kipimo cha mtoto aliyefuzu kujiokoa.

Mabwawa ya samaki ya Mshangano hayawezi kugeuzwa madarasa kwa siku moja. Mengi ni finyu, yana samadi, na mwenyewe anataka perege wake wakue kwa utulivu. Lakini kisa cha Bangladesh kinakiondoa kikwazo cha kwanza katika mjadala: kwamba bila bwawa la kisasa hakuna linalowezekana.

Wanaoogelea Tanzania ni nani?

Tanzania hupeleka waogeleaji kwenye Olimpiki. Magdalena Moshi alishiriki Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016. Hilal Hilal alikuwa Rio. Paris 2024 walikwenda Collins Saliboko na Sophia Latiff.

Ukifuatilia mashindano ya taifa yanakofanyika, utaona kwa nini mtoto wa Mshangano hayumo. Kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika kwenye mabwawa ya shule binafsi za kimataifa jijini Dar es Salaam, kama Haven of Peace Academy na International School of Tanganyika. Klabu zinazoleta waogeleaji wengi zimejengwa juu ya shule za aina hiyo, Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Mchezo umekaa pale yalipo mabwawa, na mabwawa yako pale ilipo ada.

Kwingineko bwawa ni la hoteli. Hilo linajengwa kwa ajili ya mgeni anayejua kuogelea au anayetaka kukaa pembeni na soda: upande mmoja unashuka ghafla, mwokoaji ni nadra, na kiingilio mara nyingi kinaambatana na chakula. Ni biashara halali. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali siye mteja wake.

Afrika inamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyejifunza kuogelea miezi michache kabla ya Olimpiki ya Sydney 2000, katika bwawa dogo la hoteli. Aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, akimaliza kwa taabu huku uwanja mzima ukimshangilia. Dunia iliipenda hadithi hiyo. Bwawa la hoteli, hata hivyo, ndilo lililomfikisha kwenye taabu ile.

Kenya ina kituo cha michezo cha Kasarani, chenye bwawa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 na ambalo wananchi huingia kwa kulipa. Tanzania nayo inajenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya AFCON ya 2027 inayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Fedha za michezo, kwa sasa, zina umbo la mpira.

Ndoo 18,750

Sasa hoja ya wanaopinga, na ni nzito.

Bwawa la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, linameza lita 375,000. Ni ndoo 18,750 za lita 20. Familia inayotumia ndoo tano kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa zaidi ya miaka kumi.

Songea ni miongoni mwa miji iliyoingizwa kwenye mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Exim ya India. Mji hauingii katika mradi kama huo ukiwa na maji ya kumwaga. Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ikiwa na wakazi zaidi ya 280,000, na mitaa ya pembezoni, Mshangano ikiwemo, ndiyo inayopanuka. Diwani atakayesimama barazani kuomba maji ya kuogelea, wakati kuna mtaa unaongojea maji ya kunywa, anajitafutia maswali.

Wanaoliunga mkono bwawa wanajibu kwa hesabu nyingine. Maji ya bwawa hayamwagwi kila siku. Pampu huyavuta, huyapitisha kwenye tangi la mchanga linalonasa uchafu, huyatia klorini na kuyarudisha. Katika bwawa linalosimamiwa vizuri maji yote huzunguka hivyo mara kadhaa kwa siku. Kinachopotea ni mvuke, maji yanayotoka na waogeleaji na yale ya kusafishia mchanga. Uso wa bwawa hilo ukipungua milimita tano kwa siku, ni lita 1,250, kama ndoo 62 na nusu. Turubai la kufunikia usiku hupunguza hata hizo.

Zaidi ya hayo, nani amesema lazima liwe la mita 25? Bwawa la kufundishia la mita 12 kwa 6, kina sentimita 90, linachukua lita 64,800 tu. Mtoto wa miaka tisa anasimama ndani yake. Ni karibu moja ya sita ya lile kubwa, na linatosha kumfundisha mtu mambo yote yanayookoa maisha isipokuwa safari ndefu.

Kwa nini paa?

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku joto hushuka hata chini ya nyuzi 15, na bwawa la wazi linalolala kwenye baridi hiyo linaamka likiwa halifai kwa mtoto mwembamba. Midomo inabadilika rangi, meno yanagongana, somo linaishia ngazi ya kwanza. Bwawa lisilo na paa hapa lingekaa tupu miezi inayopendeza zaidi kwa shule, ile isiyo na mvua.

Kupasha maji ndiko kunakotafuna fedha. Kuyapandisha maji ya lile bwawa kubwa kwa nyuzi moja tu kunahitaji kama uniti 436 za umeme. Kwa bei ya karibu Sh350 kwa uniti, ni zaidi ya Sh150,000. Kuyatoa nyuzi 18 kuyafikisha 27 ni karibu Sh1.4 milioni, kabla hujahesabu joto linalopotea kila usiku. Kwa bwawa dogo, safari hiyo hiyo ni chini ya Sh240,000.

Jua linaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Mabomba meusi yaliyotandazwa juu ya paa, maji ya bwawa yakipitishwa humo mchana, ni teknolojia ya kawaida kwenye nchi nyingi. Wakulima wa nyanya wanalijua jibu jingine: kitalu nyumba. Paa angavu linaingiza jua na kulizuia joto lisitoroke.

Lakini paa lina fitina yake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hutoa gesi kali, ile ambayo watu huiita harufu ya bwawa safi, kumbe ni dalili ya uchafu. Pasipo na hewa ya kutosha gesi hiyo huwasha macho na kifua, na pamoja na mvuke hula misumari, mabati na vyuma. Ndiyo maana mabwawa ya ndani huhitaji madirisha makubwa ya juu, mbao nzuri au chuma kilichokingwa, na amri isiyo na msamaha mlangoni: kila mtu aoge kwa sabuni kwanza, na mtoto aende chooni.

> Harufu kali ya “bwawa safi” ni dalili kwamba watu hawakuoga kabla ya kuingia.

Nani alipe?

Tuchukue mfano. Bwawa dogo lipokee watoto 30 kwa saa, saa tano kwa siku, kila mmoja Sh1,000. Ni Sh150,000 kwa siku, na kwa siku 26 za mwezi ni Sh3.9 milioni. Humo watoke walimu, mwokoaji, mhudumu wa pampu, umeme, dawa ya maji, bili ya maji na matengenezo. Na hiyo ni siku ambayo nafasi zote zimejaa, jambo ambalo haliwezi kutokea kila siku.

Kiingilio nafuu, kwa maneno mengine, hakimalizi gharama. Hilo si tatizo la Songea peke yake. Uingereza ilipitisha sheria ya mabafu ya umma mwaka 1846, ili maskini wa mijini wapate mahali pa kuoga na kufua, na mabwawa ya kuogelea ya halmashauri yakazaliwa humo. Mpaka leo mengi yanaendeshwa kwa ruzuku. Bei ya nishati ilipopanda, Serikali yao ililazimika mwaka 2023 kutenga zaidi ya pauni milioni 60 kuyanusuru.

Iceland, nchi ya wavuvi yenye watu wasiofika 400,000, ilifanya masomo ya kuogelea kuwa lazima shuleni kwa sheria ya mwaka 1940, baada ya miaka mingi ya kuzika mabaharia waliozama wakiwa wanaiona nchi kavu. Ukumbi wa kuogelea wa Reykjavík, Sundhöllin, ulifunguliwa mwaka 1937. Wao wana maji moto yanayotoka ardhini. Ruvuma haina bahati hiyo, lakini sensa ya 2022 ilihesabu humu zaidi ya watu milioni 1.8, zaidi ya mara nne ya nchi ile nzima.

Hapa nyumbani, mlango wa fedha za miundombinu ya miji upo. Songea imo katika mradi wa TACTIC, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na orodha ya kazi zake inafahamika: barabara, masoko, stendi, mifereji. Bwawa la kufundishia watoto halijazoeleka kwenye orodha za namna hiyo. 

Wenye mashaka wana haki

Kuna hofu tatu ambazo mpango wowote wa bwawa lazima uzijibu kabla ya jiwe la msingi.

Ya kwanza ni utunzaji. Kila mji una mradi uliozinduliwa kwa ngoma na kufungwa na kufuli. Bwawa lisilo na dawa kwa siku tatu linarudi kuwa la kijani kama yale ya perege, tofauti ikiwa ni kwamba halina perege. Pasipo na bajeti ya uendeshaji ya miaka mitano iliyoandikwa, ni heri lisijengwe.

Ya pili ni usalama wenyewe. Bwawa lisilo na uzio na mwokoaji ni shimo lenye vigae. Kina kifupi hakitoshi kumlinda mtoto mdogo.

Ya tatu ni staha. Mji una Waislamu na Wakristo, na wazazi wengi wa dini zote mbili hawatampeleka binti yao mahali ambapo vijana wa kiume wanatazama. Nungwi ilionesha kuwa jambo hilo linatatulika kwa mavazi, walimu wa kike na ratiba. Saa za wanawake peke yao ziandikwe mlangoni tangu siku ya kwanza, zisije zikaombwa baadaye kama hisani.

Pa kuanzia

Ukiweka hoja zote mezani, ukumbi mkubwa wa mita 25 wenye maji moto, kama ule wa miji ya ng'ambo, hauifai Songea kwa sasa. Maji yake na umeme wake ni mzigo ambao kiingilio nafuu hakiwezi kuubeba.

Bwawa dogo la kufundishia, lenye paa angavu na mabomba ya jua, likiwa karibu na shule kadhaa za msingi, ni jambo jingine. Asubuhi liwe la shule, kwa zamu: darasa moja wiki mbili mfululizo, mpaka kila mtoto afikie kiwango cha kujiokoa. Jioni na Jumamosi liwe la wananchi kwa kiingilio. Mshangano, kata iliyoko njia ya Njombe na ambayo bado ina nafasi za wazi, ni mahali panapostahili kufikiriwa kabla viwanja vyake vya umma havijaisha.

Na kuna kazi isiyosubiri mkandarasi. Mfugaji wa samaki anaweza kuzungushia bwawa lake seng'enge au fito, akaacha kamba na dumu tupu lililofungwa vizuri pembeni. Aliyechimba udongo wa matofali anaweza kudaiwa alifukie shimo kabla ya kupewa eneo jingine. Mwalimu wa michezo anaweza kufundisha uwanjani, bila tone la maji, kwamba anayezama hafuatwi kwa kuruka bali hunyooshewa fimbo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuibandika ofisini namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114.

KWA TARAKIMU

• 300,000: makadirio ya WHO ya waliokufa maji duniani mwaka 2021

• 375,000: lita za bwawa la mita 25 kwa 10

• 64,800: lita za bwawa la kufundishia la mita 12 kwa 6

• 436: uniti za umeme za kupandisha joto la bwawa kubwa kwa nyuzi moja

• 114: namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji

Halmashauri inapokaa kupanga bajeti, hatua hizo zisizosubiri mkandarasi zinaweza kuingia kwenye makabrasha yake kwa gharama ndogo. Wazazi nao wasisubiri kabrasha. Songea mvua huanza Novemba, mashimo ya matofali yakajaa Desemba, na Desemba hiyo hiyo shule zinafungwa.